Uyoga wa kichuguu, uyoga wa chini ya mapaini na uyoga wa ndoo

Swali la msomaji:

"Habari mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nimezaliwa upande wa Shinyalu lakini sasa tunaishi Nakuru, huku Lanet. Nilikua nikichuma obwoba, ule uyoga wetu wa kichuguu, pamoja na kukhu, nyanya yangu, kila mvua ya Aprili, na hakuna siku tuliumwa tumbo. Wiki mbili zimepita mvua ikanyesha hapa nikaona uyoga mwingi sana, mwingine kwa nyasi ya kompaundi, mwingine chini ya miti ya paini hapo nyuma ya ploti. Ni mweupe, msafi, unanukia vizuri. Jirani akaniambia niuchemshe na kitunguu na kijiko, kijiko kisipogeuka cheusi niule bila wasiwasi. Kijiko hakikugeuka lakini roho ikakataa, nikauanika, sasa uko kwa mkebe juu ya kabati. Naweza kuula? Ama naweza kubeba obwoba ya nyumbani kutoka kwa kichuguu nije niipande huku? Kama haiwezekani, nianzeje kulima uyoga kwa nyumba bila pesa mingi, niko na stoo ndogo tu. Na managu na mrenda ninazochuma kando ya mashamba ya watu, kuna shida?"

Dada yangu, asante kwa kueleza vizuri hivi mpaka nimeuona huo mkebe. Wacha nianze na huo kabla ya mengine yote: usiule, usiwape watoto, na usimpe mtu mwingine aujaribu kwanza. Roho yako ilikataa na ilikuwa sawa kabisa. Sababu zinakuja na ni ndefu kidogo, lakini hilo la mkebe lisingoje mpaka umalize kusoma.

Sasa kijiko. Hii ya kijiko nimeisikia Kisumu, nimeisikia Bungoma, nimeisikia hata kwa watu wamesoma mpaka chuo. Wengine wanaweka kitunguu saumu, wengine mchele, wengine sarafu, wote wanangoja kitu kigeuke cheusi. Ilianza zamani na vijiko vya fedha yenyewe, ile silva, ambayo inageuka nyeusi ikipatana na salfa, na ndio maana hata yai la kuchemsha linaweza kukifanya kijiko cha fedha kiwe cheusi na yai halina sumu. Sumu kali za uyoga hazina shughuli yoyote na fedha. Na hivi vijiko vyetu vya sokoni hata si fedha, ni stili. Kwa hivyo kijiko chako hakikusema uyoga ni mzuri, hakikusema kitu, kilikaa tu kwa sufuria kama vile kingekaa kwa chai.

Imani hiyo ina ndugu zake na wewe umetaja wawili bila kujua, kwamba ni mweupe na unanukia vizuri. Watu wengi wanaogopa mwekundu na kuamini mweupe, na kumbe kati ya uyoga unaoua watu wengi zaidi duniani kuna mweupe pepepe na mwingine wa kijani kibichi kilichofifia, yote misafi, yote ya kuvutia. Waliokula wakapona walisema ulikuwa mtamu, kwa hivyo ulimi pia hauna la kukuambia. Halafu kuna wa kusema konokono amekula, ama mbuzi amekula, basi ni salama. Tumbo la konokono si tumbo lako. Na kuna wa kusema ukichemsha sana na magadi sumu inaisha. Hiyo sumu mbaya kuliko zote haiishi kwa kuchemsha, haiishi kwa kuanika, haiishi kwa friji, ndiyo maana nikakuambia hata ule umekauka usiguse na mdomo.

Sasa utaniuliza, mbona kukhu hakuwahi kukosea miaka yote hiyo? Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri kwa sababu ndio moyo wa jibu langu. Kukhu hakuwa anajua uyoga, namaanisha uyoga wote wa dunia. Kukhu alikuwa anajua vichuguu vyake. Kile cha karibu na kisima, kile cha kwa shamba la mihogo, kile ambacho mvua ya kwanza kikitoa si kizuri lakini ya pili ndio, kile kinatoa zile ndogo ndogo nyingi kama mtu amemwaga mchele na kile kinatoa kubwa moja inatosha familia. Alijua mwezi, alijua mvua, alijua kwamba ukichimba polepole utakuta mkia mrefu unashuka chini kabisa kama mzizi. Huo ni ujuzi wa ndani sana na naukubali kwa heshima yote, nimekaa na akina mama kama yeye upande wa Khwisero na Luanda na nikajifunza kitu darasani sikuwahi kuambiwa. Lakini ni ujuzi wa mahali. Ukiutoa kwa kile kichuguu ukaupeleka chini ya mapaini ya Nakuru, unabaki na macho tu, na macho peke yake kwa hii kazi hayatoshi.

Kwa nini mapaini hasa? Miti ya paini si ya hapa. Ile inayopandwa sana kwa misitu yetu ya mbao asili yake ni Mexico, na paini haikui peke yake, mizizi yake inaishi na uyoga wake, uyoga unasaidia mti kufyonza maji na madini kutoka kwa udongo na mti unaulipa kwa sukari. Sasa miti ilipoletwa, uyoga nao ulikuja ukishikilia mizizi na udongo. Ndio maana kwa misitu ya paini utakuta uyoga ambao kukhu hana jina lake, si kwa sababu amesahau, ni kwa sababu haukuwa hapa wakati nyanya zake walikuwa wanatoa majina. Ule mwekundu wenye madoa meupe ambao watoto wanaona kwa vitabu vya hadithi ni mmoja wao. Na jamii yake, inaitwa Amanita, ndio ina wale wauaji wenyewe, na wengi wa jamii hiyo wanaishi hivyo hivyo na mizizi ya miti.

Ule wa kwa nyasi nao ni habari nyingine. Siwezi kuutambua bila kuuona, lakini uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia juu ya kofia, uko na pete kwa shingo, umetokea kwa nyasi baada ya mvua, hapo mimi nafikiria kwanza ule unaoitwa Chlorophyllum molybdites. Huu ndio unalaza watu wengi sana kwa nchi za joto, kwa sababu unafanana na uyoga mzuri ukiwa mchanga, chini ya kofia ni mweupe, halafu ukikomaa zile kuta nyembamba za chini zinaanza kugeuka rangi ya kijani kijivu. Ukikata kofia ukaiweka usiku kucha juu ya karatasi nyeupe na ukaifunika na bakuli, asubuhi utakuta umeacha unga wa kijani. Ukiona kijani, kwisha, tupa. Lakini sikia, usigeuze hii ikawa kijiko kipya. Unga wa kijani unakuambia tupa, unga mweupe haukuambii kula, hata hao Amanita wanaacha unga mweupe. Jirani yangu mmoja alikula huu wa nyasi jioni, kabla taarifa ya habari iishe alikuwa ameshika ukuta wa choo, alitapika mpaka asubuhi na akaongezwa maji hospitalini siku mbili. Alipona, wengi hupona. Lakini mtoto mdogo maji yakimtoka hivyo ni hatari kubwa.

Na hapa kuna kitu inashangaza watu. Uyoga unaokutapisha haraka, saa moja ama tatu baada ya kula, mara nyingi si ule unaua. Unaoua unangoja. Sumu ya wale Amanita wabaya inaitwa amatoksini, unakula saa mbili usiku, unalala vizuri, unaamka vizuri, unaenda kazi, halafu baada ya masaa sita mpaka masaa ishirini na nne tangu ule ndio tumbo linaanza, kutapika na kuhara kama maji. Siku inayofuata mgonjwa anapata nafuu. Anaomba uji. Watu wanamshukuru Mungu, wanamrudisha nyumbani. Na wakati huo huo sumu iko kwa ini, imefunga ile mashine ya seli inayosoma maagizo ya kutengeneza protini, seli haziwezi kujirekebisha na zinakufa kimya kimya, na siku ya tatu ama ya nne macho yanageuka manjano. Uyoga mmoja mkubwa unatosha kuua mtu mzima.

Kwa hivyo ikitokea kwako ama kwa jirani, haya ndio ya kufanya. Usingoje uone. Mtu amekula uyoga wa porini na ameanza kutapika, nenda hospitali kubwa, ile ya rufaa ya kaunti kama unaweza kufika, si kemisti ya mtaa. Beba kilichobaki, hata maganda, hata mabaki kwa sufuria, uweke kwa karatasi na si kwa nailoni. Kumbuka saa mlikula na saa tumbo lilianza na uwaambie hivyo hivyo, kwa sababu hiyo tofauti ya masaa ndio daktari ataitumia kujua aangalie ini ama la. Wote waliokula waende, hata yule anasema yuko sawa. Na mgonjwa akipata nafuu siku ya pili, kabla hamjatoka ulizia kama damu imepimwa kuona ini linaendeleaje. Maziwa si dawa ya hii sumu, usipoteze saa ukitafuta maziwa.

Tuje kwa swali la kubeba obwoba. Hapa lazima nikukatize tamaa kidogo, na ningetamani jibu liwe lingine kwa sababu huo utamu naujua. Haiwezekani. Ule uyoga si wa kichuguu tu kwa maana ya kuota hapo, ni mali ya mchwa. Mchwa wanakusanya nyasi kavu na vijiti, wanatafuna, wanarudi nao ndani wanajenga kitu kama sega la nyuki, na kwa hilo sega wanalima uyoga, ndio unawamenyea huo ugumu wa mti wapate kula. Wamekuwa wakilima hivyo kwa miaka karibu milioni 30 na ilianzia hapa hapa Afrika. Mvua ikija, uyoga wao unasukuma kichwa kutoka kwa sega mpaka juu, na ule mkia mrefu ulikuwa unauvuta na kukhu ndio njia yake kutoka kwa nyumba ya mchwa. Ukibeba uyoga ukaacha mchwa, umebeba ua bila mti. Na ukisema ubebe mchwa, dada, mwenye nyumba wa Lanet atakufukuza na milango yake ikiwa imeliwa.

Lakini kuna uyoga ambao hauhitaji mchwa wala mizizi ya mti, unakula tu kitu kilichokufa, na hapo ndipo una bahati ya kukaa Nakuru. Nazungumzia uyoga unaoitwa oista. Wengine watakuuzia habari ya batani, ile nyeupe ya mviringo ya supamaketi. Achana nayo kwa sasa, inataka mbolea iliyogeuzwa kwa wiki kadhaa, udongo wa kufunika juu, na baridi ya kudumu ya digrii 14 mpaka 18. Oista inataka majani makavu, na Njoro, Rongai na Mau Narok kote wanavuna ngano, beli ya majani ya ngano huko si kitu cha kusumbua. Ungekuwa bado nyumbani ningekuambia mabua ya mahindi ama maganda ya maharagwe, na watu wa Ahero nawaambia majani ya mpunga. Kitu ya muhimu ni yawe makavu, ya rangi ya dhahabu, hayajanyeshewa yakaanza kuoza, kwa sababu yakianza kuoza maana yake kuna mwenyeji tayari ndani.

Chukua ndoo ya lita 20 yenye kifuniko, ile ya mafuta ya kupikia, si ya rangi wala ya dawa ya shamba. Choma msumari uwe mwekundu, toboa mashimo ya upana wa kidole kidogo kuzunguka ndoo, shimo na shimo liachane kama shubiri, na mengine mawili matatu chini maji yatoke. Majani ya kilo moja na nusu hivi yanatosha ndoo moja. Yakatekate na panga yawe mafupi kama kidole, jaza kwa gunia, funga, zamisha kwa dramu ya maji juu ya moto na uweke jiwe juu lisiibuke. Maji yafike digrii 70 mpaka 80 na yakae hapo saa moja na nusu. Nunua kipimajoto, ni kifaa kimoja tu na ndicho kitaamua kila kitu. Nakuru maji yanachemka kama digrii 94 hivi kwa sababu ya urefu wa nchi, lakini hatutaki yachemke. Na hapa wengi wanabishana na mimi, wanasema si ingekuwa bora kuua kila kitu? Kwa ndoo ya nyumbani hapana. Ukichemsha mpaka ukaua kila kidudu, umebaki na chakula kitupu kisicho na mlinzi, na ukungu wa kwanza kupita hewani unaingia unajenga. Ukipasha kwa kiasi, wale wabaya wanakufa na wanabaki wachache wanaostahimili joto ambao hawasumbui oista lakini wanamzuia mgeni. Unamwandalia oista nafasi aingie wa kwanza.

Ning'iniza gunia usiku lichuruzike na lipoe. Asubuhi chukua majani konzi moja ukamue kwa nguvu zako zote. Yakitoa matone mawili matatu katikati ya vidole, hapo ni sawa. Yakitiririka, ngoja. Yasipotoa kitu, nyunyiza maji yaliyochemshwa yakapoa. Usiharakishe hii. Maji mengi yanafukuza hewa na majani yanachacha, utajua kwa harufu, inakuwa kama busaa iliyoharibika, na ile ndoo nzuri inanuka uyoga safi, harufu ya msitu asubuhi.

Mbegu ya oista inakuja kama nafaka, mtama ama ngano, iliyofunikwa na utando mweupe. JKUAT, kile chuo kikuu cha kilimo kule Juja, wanajulikana kwa kuiuza, na wakulima wengine wanaitengeneza pia. Uliza ilitengenezwa lini, iangalie kwa mwanga, iwe nyeupe kote, isiwe na doa la kijani ama jeusi, isiwe na maji ya njano chini ya chupa. Kwa ndoo yako gramu 250 mpaka 300 ni nzuri, wenye uzoefu wanatumia chini ya hapo lakini wewe ndio unaanza, mbegu nyingi inashinda ukungu mbio. Nawa mikono na sabuni, pangusa na spiriti, funga mlango, usiruhusu watoto wapite pite. Majani yakiwa yamepoa kabisa weka tabaka, nyunyiza mbegu, tabaka, mbegu, ukishindilia kidogo, halafu kifuniko. Mashimo ya pembeni ziba na ile plasta nyeupe ya karatasi ya hospitali inayopitisha hewa. Weka stoo, gizani, usiifungue fungue. Wiki tatu, kwa baridi ya usiku ya huko hata tano, ndani kutakuwa kweupe kama mtu amemwaga unga.

Hapo oista inabadilisha maombi. Sasa inataka hewa, mwanga wa kutosha kusoma gazeti, na unyevu. Toa plasta. Mwaga maji sakafuni, ning'iniza gunia lililoloa, nyunyiza ukuta mara mbili ama tatu kwa siku, na Januari na Februari Nakuru ikikauka ongeza. Uyoga wenyewe utakuambia unakosa nini kama utauangalia: shina likiwa refu na kofia ndogo kama msumari, hewa ni chafu, fungua dirisha na uweke neti ya nzi. Kofia ikipasuka na kingo kukauka, unyevu umepungua. Kutoka vile vichwa vidogo vinachungulia kwa shimo mpaka kuvuna ni siku nne mpaka saba tu, usisafiri wiki hiyo.

Mimi mwaka wangu wa kwanza nilipoteza mifuko 31 kati ya 40. Kuni ziliisha nikasema dakika arobaini zinatosha, na majani yenyewe yalikuwa yamenyeshewa kwa shamba. Siku ya tisa nikaona madoa ya kijani, nikajiambia yatakufa yenyewe. Hayafi. Ule ukungu wa kijani ukianza ni unga unaopeperuka, ukitikisa umeambukiza zote. Kwa hivyo ukiona kijani kwa ndoo yako, itoe nje bila kufungua, mbali na nyingine, zika, osha ndoo na jiki. Na kitu kingine, ukiona kwa ndoo yako uyoga tofauti, mwembamba wa kijivu unaoyeyuka kuwa maji meusi kama wino, huo si oista, uliingia kwa sababu moto haukutosha. Usiule kwa vile tu umeota kwa ndoo yako.

Vuna kabla kingo za kofia hazijajikunja kuelekea juu. Shika kichaka kizima, zungusha, kinatoka. Ukichelewa, uyoga unamwaga unga mweupe mwingi hewani na huo unga ukiuvuta siku nyingi ndani ya chumba kidogo unaleta kikohozi na homa ya kifua. Kama kuna mtu wa pumu kwa nyumba, stoo inayopakana na chumba cha kulala si mahali pake, weka nje kwa kibanda. Baada ya kuvuna, endelea na unyevu, siku kumi mpaka kumi na nne kinakuja kingine, unapata mara mbili ama tatu. Kwa jumla tarajia karibu kilo moja kwa ndoo, ikikubali sana kilo na nusu. Majani yaliyobaki mwagia sukuma wiki.

Kupika, oista haikatwi na kisu, ipasue na vidole kufuata nyuzi zake. Weka kwa sufuria kavu bila mafuta, itatoa maji yake, acha yakauke mpaka usikie imeanza kulia, ndio sasa uweke kitunguu na mafuta kidogo. Ipike iive, usiile mbichi, na mara ya kwanza kila mtu ale kidogo aone tumbo lake linasemaje. Ukitaka ikaribie ile ya nyumbani, ianike mpaka ivunjike ikikunjwa, halafu siku ya kupika iloweke, weka njugu ya kusaga na kijiko cha musherekha, ile chumvi yetu ya majivu. Sitakudanganya kwamba ni obwoba. Lakini kwa ugali wa wimbi, dada, utanyamaza kidogo ukila.

Kuhusu pesa uliniambia huna nyingi, basi usichukue mkopo kwa sababu mtu amekuambia uyoga unatajirisha. Anza ndoo mbili. Zikikubali mara tatu mfululizo ndio ufikirie kumuuzia jirani. Uyoga mbichi unadumu siku chache tu kwa friji na wanunuzi hawangoji, wengi niliowaona wakianguka hawakushindwa kulima, walishindwa kuuza Jumatano kitu kilichoiva Jumanne.

Managu na mrenda, hapo niko na wewe, chuma. Hizo unazijua kwa jani, kwa ua, kwa mbegu, na hazibadiliki ukivuka kaunti. Kuna mambo mawili tu. Moja ni mahali: si kando ya barabara kuu, si kwa mtaro wa maji taka, na kwa shamba la mtu uliza kwanza kama amepulizia dawa ya kuua magugu, siku hizi wengi wanapulizia na majani yanakaa mabichi siku kadhaa kabla yanyauke. Ya pili ni ule mmea wa datura, unapenda sana kuota katikati ya mahindi pamoja na managu na terere, na ukiwa mchanga mkono wa haraka unaukusanya pamoja. Jani lake lina meno makubwa yasiyo sawa, ukilisugua linanuka vibaya, ua ni refu jeupe kama tarumbeta na tunda lina miiba. Managu ua lake ni dogo kama nyota na tunda ni laini. Datura inakausha mdomo, mboni zinapanuka, mtu anaanza kuongea na watu hawako, na huyo pia anapelekwa hospitali bila kungoja. Chambua mboga yako jani kwa jani ukiwa umekaa chini mchana. Na tunda bichi la managu watoto wasile.

Sasa ule mkebe. Usiumwage kwa takataka ya wazi ambapo mbwa ama watoto wa ploti watafikia, chimba shimo la mkono mmoja, zika. Wewe kuushika hakukukudhuru, hizi sumu zinafanya kazi zikimezwa, kwa hivyo usiogope yale masiku ulikuwa unauanika. Ile sufuria ya kijiko isugue na sabuni na maji moto, inatosha. Mkebe pia uoshe, uanike juani mdomo ukiangalia chini, halafu uuweke tena pale pale juu ya kabati. Ndoo yako ya kwanza ikikubali utauhitaji wa oista kavu.